Gitaa la Besi na Wapigaji Wake

Katika kila bendi yumo mtu mmoja ambaye wasikilizaji wengi hawamtazami. Mwimbaji husimama mbele akapigiwa makofi. Mpigaji wa gitaa la kwanza hupewa nafasi ya kuonyesha wepesi wa vidole vyake. Mpiga ngoma huketi katikati ya vyombo vyake ving'aavyo, na hapana mtu awezaye kukosa kumwona. Lakini kando kidogo, karibu na ngoma, husimama mtu wa nne mwenye gitaa la shingo ndefu na nyuzi nne nene. Huyu ndiye mpigaji wa besi. Mara nyingi watu hurudi nyumbani kutoka dansini wakiuimba wimbo ambao yeye aliusimamisha, wala hawalijui jina lake.

Insha hii ni habari ya chombo hicho na ya watu waliokipiga katika muziki wa roki na jamaa zake. Wengi wao walianza kama vijana wa kawaida tu, wapigaji wa kujifurahisha, wasio na mwalimu wala fedha. Baadhi yao walipata utajiri na sifa. Mmoja wao, aliyekuwa labda hodari kuliko wote, alikufa kabla ya watu kujua kwamba walikuwa wakimsikiliza kila siku.

Kwanza yapasa tufahamu kazi ya besi. Katika ngoma za pwani yetu iko ngoma kubwa iitwayo vumi, ambayo sauti yake ni nzito, na iko chapuo, ambayo ni ndogo na sauti yake ni kali. Chapuo husema maneno mengi, na vumi husema machache. Lakini vumi ikinyamaza, miguu ya wachezaji hupotea. Gitaa la besi ni vumi la bendi. Uzi wake mnene kuliko zote hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika kiasi cha mara 82. Maana yake ni kwamba besi huimba wimbo ule ule lakini daraja moja zima chini yake. Kazi yake ni mbili. Hushikamana na ngoma katika kutunza mwendo, na papo hapo huonyesha sauti ya msingi ambayo sauti nyingine zote hujengwa juu yake. Ngoma hujua mwendo lakini haijui wimbo. Gitaa hujua wimbo lakini huweza kuusahau mwendo. Besi hutakiwa kuyajua yote mawili.

Mwanafunzi atakaye kuyahakikisha haya na asikilize wimbo mmoja mara mbili: mara ya kwanza kwa redio ndogo ya mkononi, na mara ya pili kwa chombo chenye kipaza sauti kikubwa. Katika redio ndogo besi hufifia karibu ya kupotea, na wimbo huwa kama nyumba iliyoezekwa vizuri lakini haina msingi. Katika kipaza sauti kikubwa wimbo husimama. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya watu wengi wa zamani wasimjue mpigaji wa besi: vyombo walivyosikilizia havikuwa na nguvu ya kumtoa.

Kabla ya gitaa la besi kuwako, kazi hii ilifanywa na besi ya kusimama, chombo cha jamii ya fidla, ambacho urefu wake humpita mtu. Chombo hicho kimejulikana kwetu pia. Vikundi vya taarabu vya Unguja vimekipiga kwa miaka mingi, na sauti yake husikika chini ya fidla, ganuni na akodiani. Sauti ya besi hiyo ni tamu, lakini chombo chenyewe kina taabu tatu. Taabu ya kwanza ni ukubwa wake: kukipakia garini ni kazi ya watu wawili, na bendi isiyo na gari hukitazama kwa huzuni. Taabu ya pili ni kwamba sauti yake haina nguvu ya kupambana na tarumbeta na ngoma katika ukumbi uliojaa watu. Taabu ya tatu ni kwamba shingo yake ni laini, haina alama ya kuonyesha mahali pa kuweka kidole. Mpigaji hutegemea sikio na mazoezi ya miaka mingi, na akikosea kwa upana wa ukucha tu, sauti huharibika.

Mtu wa kwanza anayejulikana kujaribu kuziondoa taabu hizi kwa kutengeneza besi ya umeme ya kulazwa kama gitaa ni Paul Tutmarc, wa mji wa Seattle katika Marekani. Katika miaka ya 1930 alitengeneza besi fupi ya umeme yenye vijiti vya chuma vilivyolazwa shingoni, na kampuni yake iliiuza. Lakini walionunua walikuwa wachache, na shauri hilo likasahauliwa. Katika historia ya vyombo twaona jambo hili mara nyingi: mtu wa kwanza kufika si lazima awe ndiye atakayekumbukwa.

Aliyefaulu alikuwa Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909 katika jimbo la California. Fender alisomea kazi ya uhasibu, kisha mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wapigaji wa muziki walimletea vikuza sauti vyao vilivyoharibika, naye alipokuwa akivitengeneza aliyasikiliza malalamiko yao. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Lakini alijua jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo ni kumwuliza mwenye kutumia chombo kabla ya kukitengeneza.

Mwaka 1951 kiwanda chake kilitoa gitaa la besi lililoitwa Precision. Jina hilo maana yake ni usahihi, nalo lilitokana na vile vijiti vya shingoni: mpigaji akibonyeza uzi nyuma ya kijiti, sauti hutoka sawa bila ya kubahatisha. Mwili wa gitaa ulikuwa ubao mzito usio na tundu la ndani. Chini ya nyuzi palikuwa na sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara nyingi sana. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika ule waya. Umeme huo hupita katika kamba hadi kwenye kikuza sauti, na huko hukuzwa mpaka uweze kukisukuma kipaza sauti. Basi chombo ambacho peke yake husikika kama mnong'ono kiliweza kutetemesha kuta. Na zaidi ya hayo, mtu mmoja aliweza kukitia katika mfuko akapanda nacho basi.

Wapigaji wa zamani hawakukipokea wote kwa furaha. Wengine walikiona kuwa ni mchezo wa mtoto, au njia ya mkato ya watu wavivu. Monk Montgomery, aliyepiga katika bendi ya Lionel Hampton, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukichukua mbele ya watu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwingine aliyelazimika kukitazama ni Bill Black, mpigaji wa besi wa Elvis Presley. Black alikuwa bingwa wa besi ya kusimama, akiipiga kwa kiganja na kuipanda kama farasi ili kuwachekesha watu. Mwaka 1957, walipokuwa wakirekodi nyimbo za filamu iitwayo Jailhouse Rock, alipewa besi mpya ya umeme. Husimuliwa kwamba mwanzo wa wimbo mmoja ulimshinda, akakasirika, akaliweka gitaa chini na kutoka nje. Na Elvis mwenyewe akaliokota akaupiga wimbo ule mpaka mwisho. Hadithi hii huchekesha, lakini ndani yake mna uchungu. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuijua kazi fulani aliona kazi hiyo ikibadilika mikononi mwake kwa siku moja.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, maana huko ndiko tunakoona vizuri jinsi vijana wasio na kitu walivyoingia katika muziki huu. Mwanzoni mwa mwaka 1956 santuri ya Lonnie Donegan, Rock Island Line, ilienea nchini. Muziki wake uliitwa skifle, na sifa yake kubwa ni kwamba haukuhitaji mali. Gitaa moja la bei rahisi lilitosha. Kwa ngoma walitumia ubao wa kufulia nguo, wakiukwaruza kwa vidole vilivyovikwa mitondoo ya kushonea. Na kwa besi walitumia sanduku la chai.

Jambo la sanduku hili litampendeza msomaji wa Kenya. Siku hizo chai ilisafirishwa ng'ambo katika masanduku mepesi ya mbao, na masanduku hayo yalifika Uingereza kutoka India, kutoka Ceylon ambayo leo huitwa Sri Lanka, na kutoka Afrika ya Mashariki pia, ambako mashamba ya Kericho yalikwisha anza kuuza chai yake. Chai ikiisha, sanduku lilibaki. Kijana alilipindua, akatoboa tundu katikati, akapitisha uzi, akaufunga ncha ya pili juu ya mpini wa ufagio uliosimamishwa ukingoni mwa sanduku. Akiuvuta mpini nyuma, uzi hukaza na sauti hupanda; akiulegeza, sauti hushuka. Haikuwa sauti safi, lakini ilikuwa nzito, na ilitosha kuwashikilia wenzake. Maelfu ya vijana walianza hivyo. Kazi ya mkulima wa mbali, bila yeye kujua, iliwapa watoto wa miji ya Uingereza chombo chao cha kwanza.

Katika mji wa Liverpool mwanafunzi mmoja, John Lennon, aliunda kikundi cha skifle mwaka 1956 kilichoitwa Quarrymen. Sanduku la chai lilikuwamo, na vijana walipokezana kulipiga. Tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa moja huko Woolton, Lennon alikutanishwa na Paul McCartney. Kikundi hicho, baada ya kubadili watu na majina, ndicho kilichokuja kujulikana duniani kama The Beatles.

Lakini kilipoachana na sanduku la chai hakikuwa na mpigaji wa besi. Rafiki wa Lennon, Stuart Sutcliffe, alikuwa mwanafunzi wa sanaa na mchoraji wa kweli. Picha yake mmoja iliyokuwa katika maonyesho makubwa ya Liverpool ilinunuliwa kwa pauni 65, na rafiki zake wakamshawishi anunue gitaa la besi. Hakuwa mpigaji hodari, naye alijua hivyo. Mwezi wa Agosti 1960 kikundi kilikwenda Hamburg katika Ujerumani, kikipiga usiku baada ya usiku kwa saa nyingi katika vilabu vya mabaharia na walevi, na kulala katika chumba kibovu nyuma ya pazia la jumba la sinema. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya bendi: jasho, njaa, usingizi wa vipande, na mazoezi ambayo hapana shule iwezayo kuyatoa. Mwaka 1961 Sutcliffe aliamua kubaki Hamburg ili aendelee na uchoraji. Tarehe 10 Aprili 1962 alifariki kwa ugonjwa wa ubongo, naye alikuwa na umri wa miaka 21 tu.

Alipojitoa, hapakuwa na aliyeitaka nafasi yake. Kila mmoja alipenda gitaa la mbele. Mwishowe McCartney akakubali. Alinunua huko Hamburg gitaa la besi la Höfner kwa kiasi cha pauni 30. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na gitaa hilo lilikuwa na umbo la fidla, lililo sawa pande zote mbili, hata likipinduliwa halionekani kuwa limegeuzwa. Basi sababu za uchaguzi wake zilikuwa bei na umbo. Lakini kazi aliyoichukua kwa kukosa mwingine aliifanya kwa akili nyingi, akafundisha dunia kwamba besi yaweza kuwa na wimbo wake wenyewe chini ya wimbo unaoimbwa. Gitaa hilo liliibwa kutoka katika gari mjini London mwaka 1972. Watu walilitafuta kwa bidii, likapatikana, na mwezi wa Februari 2024 ikatangazwa kwamba limerudi mikononi mwa mwenyewe baada ya miaka zaidi ya 50.

Msomaji na ayakumbuke hayo ya gitaa lililopotea na kupatikana, maana sasa twaja kwa James Jamerson.

Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, katika jamii ya Wamarekani weusi. Mwaka 1954 alihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari, na huko shuleni alijifunza besi ya kusimama. Kampuni ya santuri ya Motown, iliyoanzishwa na Berry Gordy mwaka 1959, ilimwajiri pamoja na wapigaji wenzake waliojiita Funk Brothers. Walifanya kazi mchana na usiku katika chumba kidogo ndani ya nyumba ya kawaida ya barabarani. Waimbaji walikuja na kuondoka. Wapigaji wale wale walibaki. Nyimbo za Supremes, Temptations, Four Tops, Marvin Gaye na Stevie Wonder, zilizouzwa kwa mamilioni, zilisimama juu ya mikono yao.

Waswahili husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Jamerson alikuwa akidonoa nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kulia, na kwa kidole hicho alifanya yasiyofanywa na wenye vidole vitano. Kabla yake mpigaji wa besi alirudia sauti chache katika mwendo mmoja. Yeye aliingiza sauti za katikati, akachelewa kidogo mahali pasipotazamiwa, akakimbia, akarudi nyumbani kwa wakati wake, wala wimbo haukuyumba. Wapigaji wa Uingereza walioziabudu santuri hizo, McCartney akiwamo, walijifunza kutoka kwake bila ya kujua anaitwa nani. Hawakuweza kujua, kwa sababu jina lake halikuandikwa juu ya majalada ya santuri. Ni mwaka 1971, katika santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ndipo wapigaji walipoandikwa majina yao ipasavyo.

Mwaka 1972 kampuni ilihamia Los Angeles. Jamerson aliifuata, lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Mitindo ilikuwa mipya, na ulevi ulikuwa umeanza kumdhoofisha. Mwaka 1983 ilifanywa sherehe kubwa ya kuadhimisha miaka 25 ya kampuni, na waimbaji mashuhuri walishangiliwa jukwaani. Husimuliwa kwamba Jamerson alijinunulia tikiti, akaketi juu nyuma pamoja na watazamaji wengine, akizisikiliza nyimbo alizozijenga. Gitaa lake alilolipiga kwa miaka mingi liliibwa katika siku zake za mwisho. Tarehe 2 Agosti mwaka ule ule alifariki, mwenye umri wa miaka 47. Kitabu juu ya kazi yake kilitoka mwaka 1989, heshima ya Rock and Roll Hall of Fame ikaja mwaka 2000, na filamu juu yake na wenzake mwaka 2002. Yote yalikuwa mema. Lakini maiti hasikii makofi.

Asiseme mtu kwamba kazi hii ni ya wanaume peke yao. Carol Kaye, aliyezaliwa mwaka 1935, alikuwa mpigaji wa gitaa la kawaida katika Los Angeles, akiwatunza watoto wake kwa kazi hiyo. Siku moja mwaka 1963 mpigaji wa besi hakufika kazini, naye akaombwa ashike nafasi. Aliona kwamba besi yampa nafasi zaidi ya kuujenga wimbo, akabaki nayo, akapiga katika maelfu ya kazi za santuri, filamu na televisheni, kisha akaandika vitabu vya kuwafundisha wengine. Hapa tena nafasi isiyotakiwa na mtu ilimpata aliyeweza kuitumia.

Bendi nyingi hazivunjwi na umaskini. Huvunjwa na ugomvi. Vyombo vikaapo pamoja havikosi kugongana, na katika bendi hugombana juu ya fedha, juu ya nani atunge, nani aendeshe gari, na nani apunguze sauti yake. Mfano mmoja ni bendi ya Cream. Jack Bruce, aliyejifunza cello katika chuo cha muziki huko Scotland, alipiga besi humo pamoja na Ginger Baker mpiga ngoma na Eric Clapton mpigaji wa gitaa. Bruce na Baker, ambao kwa kazi yao walipaswa kuwa kama pacha, walichukiana sana. Bendi iliyoanza mwaka 1966 ilikwisha mwaka 1968, ingawa wote watatu walikuwa mabingwa.

Mfano wa pili unatugusa sisi. Mwaka 1946 alizaliwa Unguja mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, ikaenda Uingereza. Na huko mtoto yule akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen iliyoundwa mwaka 1970. Queen ilijaribu wapigaji kadhaa wa besi, na hapana aliyefaa. Mwaka 1971 alikuja John Deacon, kijana mkimya aliyekuwa akisoma elimu ya umeme katika chuo kimoja cha London. Wengine walitaka kung'aa, yeye alisikiliza. Aliokota kipande cha mtambo wa umeme katika pipa la taka, akakitia ndani ya sanduku la kipaza sauti, kikawa kikuza sauti kidogo ambacho mpigaji gitaa wa bendi alikitumia katika santuri zao. Na mwaka 1980 wimbo aliotunga Deacon, Another One Bites the Dust, uliojengwa juu ya sauti chache za besi, ulishika nafasi ya kwanza katika Marekani. Watu hawa wanne walikaa pamoja miaka 20, mpaka Mercury alipofariki mwaka 1991.

Wapigaji wa kujifurahisha wakutanapo, baada ya kazi zao za ofisi na karakana, hubishana juu ya mambo mengi. Je, nyuzi zipigwe kwa vidole, au kwa risha kama mpigaji wa udi? McCartney hutumia risha. Jamerson alitumia kidole. Wote wawili walifika. Lakini swali kubwa ni hili: je, mpigaji wa besi ajitokeze, au akae nyuma autumikie wimbo? Wanaotaka ajitokeze humtaja John Entwistle wa The Who, aliyekuwa karani wa ofisi ya kodi kabla ya kuwa mpigaji wa kazi, na ambaye mwaka 1965, katika wimbo My Generation, aliiachilia besi iseme peke yake kama gitaa la mbele. Wanaotaka akae nyuma humtaja Deacon.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeacha jambo moja. Entwistle alisimama imara kama nguzo wakati wenzake walipokuwa wakiruka jukwaani, na Deacon mkimya ndiye aliyetunga wimbo ambao besi yake yajulikana duniani kote. Hawakutofautiana katika wajibu. Walitofautiana katika mahitaji ya bendi zao. Mpigaji mwema husikiliza kwanza akajua wimbo umepungukiwa na nini, kisha akatia kile kilichopungua. Ukipungukiwa na maneno, husema. Ukizidiwa na maneno, hunyamaza. Jambo hili ni gumu kuliko wepesi wa vidole, na ndilo linalowatenga wapigaji wa besi na watu wanaoshika besi tu.

Lakini kukaa nyuma ni jambo moja, na kusahauliwa ni jambo la pili. Mtu aweza kuchagua kuwa mkimya. Hapana aliyechagua jina lake lifutwe. Kosa lililofanywa kwa Jamerson halikutokana na besi kuwa na sauti ya chini. Lilitokana na watu walioona ni rahisi kuuza sura ya mwimbaji kuliko kuandika majina ya wafanya kazi, na wasikilizaji ambao hawakuuliza. Kuandika jina kungegharimu mstari mmoja wa wino.

Basi, msomaji, ikiwa katika bendi ya shule yenu imebaki nafasi moja isiyotakiwa na mtu, usiione haya kuichukua. Umeona ni nani walioichukua kabla yako. Na ikiwa wewe si mpigaji ila msikilizaji, unao wajibu wako pia. Wimbo ukupendezapo, ufuate mpaka chini, uisikie sauti ile nzito inayoubeba. Kisha uliza mpigaji wake ni nani, na ulitamke jina lake wakati yeye angali aweza kulisikia.